Pakwach, Stesheni ya Arua: Miaka 60 na Ushei

Zipo orodha za historia ya reli ya Uganda zinazosema treni ilifika Arua mwaka 1964. Haikufika. Kilichofikiwa mwaka huo ni Pakwach, ukingoni mwa Nile, mwisho wa njia iliyotoka Soroti kupitia Lira na Gulu. Kutoka hapo hadi kanisa kuu la Ediofe, pembeni mwa mji wa Arua, bado ni zaidi ya kilomita 100 za barabara. Kosa kama hili huzaliwa pale ambapo historia ya reli huandikwa kutokana na ramani na mipango, wala si kwa macho ya mtu aliyesimama stesheni. Uingereza walikuwapo watu wa namna hiyo. Mwaka 1942 Ian Allan, mfanyakazi wa Southern Railway, alichapisha kijitabu cha namba za injini, na vijana wakajazana kwenye stesheni za vitongojini, penseli mkononi, wakiziwekea alama moja moja. Walichekwa sana, lakini daftari zao zinaonyesha injini ipi ilipita wapi na lini.

Huku kwetu ya kuandikwa hayakukosekana. East African Railways and Harbours, iliyoundwa 1948, ilizipa injini zake za mvuke majina ya milima na ya makabila: katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, lililofunguliwa 1971, imesimama namba 5918, Mount Gelai, yenye tani 252, na namba 3123, Bavuma. Atakuwepo wa kuuliza: Ediofe isiyo na hata kipande kimoja cha reli, hayo yanaihusu nini? Yanaihusu, kwa sababu shirika hilohilo ndilo lililokuwa na meli za Nile na Ziwa Albert. Kabla ya Pakwach, kibarua wa West Nile aliyekwenda kukata miwa Busoga alipanda meli Rhino Camp, akashuka Butiaba, akachukua gari hadi Masindi Port, akavuka Ziwa Kyoga hadi Namasagali, na hapo ndipo alipoliona behewa, njia ya kuelekea Jinja iliyofunguliwa 1912. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliiharibu bandari ya Butiaba, na mzigo wa safari ukahamia Pakwach.

Hoja nzito zaidi ni kwamba reli ilikuwa chombo cha mkoloni, ya kuchukua pamba na nguvu za vijana, hivyo haina la kuadhimishwa. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayodai kumbukumbu: aliyechukuliwa hawezi kuhesabiwa kama safari yake haikuandikwa. Nusu ya pili haisimami, kwa kuwa treni iliingia Pakwach Uganda ikiwa imeshapata uhuru. Kilichoidhoofisha stesheni ni kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kisha miaka ya vita kaskazini. Mwaka 2013 treni ya mizigo ilirudi Gulu, ikaishia hapo.

Msomaji wa Arua au Koboko, kama sandukuni mwa babu kuna tiketi, stakabadhi ya mzigo au picha ya Pakwach, usiitupe. Iandikie nyuma tarehe na jina la mwenye safari, uipeleke inakoweza kutunzwa.