Mazoea

Mazoea ni matendo ambayo mtu ameyarudia mara nyingi katika mazingira yaleyale hata yakawa yanafanyika bila kuamuliwa upya. Mtu anatoka kwake Mbagala saa kumi na nusu alfajiri, anafika kituo cha daladala, na hapo ndipo anapojiuliza: hivi mlango nimefunga? Ameufunga. Mkono ulizungusha ufunguo wakati akili inahesabu nauli. Sehemu kubwa ya siku hupita namna hiyo. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani Wendy Wood na wenzake walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo waliandika kila saa walichokuwa wakifanya na walichokuwa wakiwaza. Takriban asilimia 43 ya matendo yao yalikuwa ya kurudiwa karibu kila siku mahali palepale, na mara nyingi mawazo ya mtendaji yalikuwa kwingine.

Neno

Mazoea hutokana na kuzoea, kitenzi kinachotumika kwa giza, baridi, makelele ya jirani na viatu vipya. Macho hayaamui kuzoea giza; hukaa gizani, yakazoea. Kwa sababu hiyo neno hili linafaa kuliko tabia, ingawa waandishi wa kampeni za afya na wa vitabu vya ushauri hulipenda zaidi tabia. Tabia, neno lenye asili ya Kiarabu, humhukumu mtu: ukiambiwa huna tabia nzuri, umetukanwa. Anayesahau kumeza vidonge vya presha hana tabia mbaya, hajazoea tu. Desturi na mila ni za jamii nzima. Uraibu ni pale kitu, iwe tumbaku, gongo au kamari ya kwenye simu, kinapomshika mtu hata akitaka kuacha asiweze.

Neno hili lina pia maana ya ukaribu uliopita kiasi, inayosikika mtu akimwambia mwenzake "usiniletee mazoea". Hata hapo maana ya kwanza haijapotea, kwani aliyezoea haombi tena ruhusa.

Yanavyoundwa

Aristotle aliandika karne ya 4 kabla ya Kristo kwamba wema hupatikana kwa kutenda, kama ujenzi unavyopatikana kwa kujenga, na mwanazuoni al-Ghazali akalijadili jambo hilohilo kwa upande wa Uislamu karne ya 11. Utafiti wa kimaabara ulianza baadaye sana. William James aliyapa mazoea sura nzima katika kitabu chake cha saikolojia cha mwaka 1890. Mwaka 1898 Edward Thorndike alichapisha majaribio ya paka waliofungiwa kwenye visanduku vya mbao: paka aliyegusa komeo kwa bahati akatoka na kupata chakula, kila alipofungiwa tena alitoka upesi zaidi.

Kinachotokea ubongoni kilionyeshwa vizuri na Ann Graybiel na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani. Panya aliwekwa kwenye njia yenye umbo la herufi T. Mlango ukifunguka hukimbia, akifika kwenye panda hukata kushoto au kulia, na mwisho hukuta chokoleti. Siku za mwanzo, sehemu ya ndani ya ubongo wake inayohusika na mwendo ilichemka safari nzima. Baada ya kurudia sana, ilichemka mlango ulipofunguka, ikatulia, kisha ikachemka tena mwishoni. Safari ilikuwa imefungwa kama kifurushi kimoja, na kilichokifungua ni mlio wa mlango. Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lote. Ishara ikilia, kifurushi kinafunguka, mtu apende asipende.

Asipende pia, ndiyo. Mwaka 2011 Wood, akiwa pamoja na David Neal na wengine, aligawa bisi kwa watazamaji wa sinema. Baadhi walipewa bisi mpya za siku hiyo na baadhi bisi zilizokaa siku saba. Waliozoea kula bisi kwenye sinema walikula zilizochacha sawasawa na zile mpya, huku wakikiri kwamba si tamu. Walipopewa katika chumba cha mikutano, au walipotakiwa kutumia mkono wasiouzoea, zilizochacha walizila kidogo. Kilichobadilika ni ukumbi na mkono. Ulimi ulikuwa uleule.

Kwa upande mwingine, nadharia iliyotamba sana ya kwamba nguvu ya kujizuia ni kama mafuta yanayoisha kadiri yanavyotumika imepata pigo. Ilianzia kwenye jaribio la Roy Baumeister na wenzake la mwaka 1998, la watu walioachiwa figili mbele ya biskuti za chokoleti. Mwaka 2016 maabara 23 zililijaribu wazo hilo tena kwa watu zaidi ya 2,000 na hazikuona athari ya kutajika.

Siku 21 na siku 66

Hesabu ya siku 21, inayorudiwa hadi kwenye mahubiri na semina za ujasiriamali, chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 alisema wagonjwa wake huhitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kiooni. Neno angalau likapotea njiani, na pua mpya ikageuzwa kuwa mazoezi ya asubuhi.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipima jambo lenyewe. Watu 96 walichagua tendo moja dogo, mathalani kunywa glasi ya maji baada ya kifungua kinywa au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, wakafuatiliwa kwa siku 84. Kwa mtu wa katikati ilichukua siku 66 tendo kufikia kilele cha kujiendea lenyewe, lakini tofauti zilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254 kwa makadirio. Maji yalizoeleka upesi kuliko mazoezi ya mwili. Jambo lililowafariji wengi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Utafiti mpana zaidi wa mwaka 2023, uliotumia mamilioni ya kumbukumbu za wanaokwenda jimu na za wafanyakazi wa hospitali wanaonawa mikono, ulikuta kuwa kunawa huzoeleka kwa majuma na jimu kwa miezi.

Mtu mwenye shughuli nyingi

Ushauri mwingi wa kujenga mazoea umeandikwa na watu wenye meza ya kuandikia na saa za kazi zisizobadilika. Huanza na "amka mapema". Mama lishe anayewasha mkaa saa kumi alfajiri hana mapema nyingine ya kuamkia. Tena, shida ya mwenye shughuli si uchache wa muda peke yake; ni muda usiokaa mahali pamoja. Nesi anayefanya zamu ya usiku wiki hii na ya mchana wiki ijayo hawezi kuifanya saa kumi na mbili kuwa ishara, kwa kuwa saa kumi na mbili moja humkuta kitandani na nyingine humkuta wodini.

Suluhisho linalofanya kazi ni kulitundika tendo jipya kwenye tendo lingine ambalo halikosekani, liwe saa yoyote. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani, alilieleza mwaka 1999: anayepanga "likitokea hili, nitafanya lile" hutimiza zaidi kuliko anayesema tu "nakusudia". Kiswahili kimeliweka ndani ya kitenzi. Nikishavua viatu. Nikishaswali alfajiri. Nikishapiga mswaki, nameza dawa. Silabi mbili za "-kisha-" zinabeba nadharia nzima, na mtu hahitaji daftari wala programu ya simu.

Tendo lenyewe liwe dogo kiasi cha kufanyika hata siku mbaya. Hapa vitabu vya mazoea vya Charles Duhigg (2012), James Clear (2018) na BJ Fogg vinakubaliana na hadithi inayojulikana sana miongoni mwa Waislamu, kwamba matendo yanayopendwa zaidi na Mungu ni yale yanayodumu hata yakiwa kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, ilimradi kibaba kiwe karibu.

Ukaribu huo ni wa hatua hasa, si wa methali. Kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia mikono lenye tundu linaloinamishwa kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyagia, hutundikwa mlangoni mwa choo, sabuni ikining'inia pembeni. Likiwekwa jikoni upande wa pili wa uwanja, mtoto hupita moja kwa moja kurudi kwenye mchezo.

Kwenye fedha, watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa watu wa magharibi mwa Kenya waliokuwa kwenye vyama vya kuchangiana, yaani upatu, visanduku vya bati vyenye kufuli. Kisanduku tu, ufunguo akibaki nao mwenyewe, kiliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kuzitenga fedha kwa ugonjwa pekee kulisaidia tu kwenye dharura na kwa wale wanaoombwaombwa na ndugu, kwa kuwa "zile ni za hospitali" ni jibu lisilovunja undugu. Mama lishe mwenye kibubu cha mbao chini ya meza ya mboga amelijua hilo bila mtafiti: sinia la kwanza la wali likiuzwa, kabla chenji haijarudi mkononi, sarafu imekwisha kupita kwenye kitundu. Akingoja jioni, itakuwa imeliwa na mkaa, nyanya na anayekuja kukopa.

Kukumbushwa nako kuna kipimo chake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la Lancet, kliniki nchini Kenya ziliwatumia wagonjwa wa VVU ujumbe mmoja kwa wiki: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na aliyesema shida au aliyenyamaza alipigiwa na muuguzi. Baada ya mwaka, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walikuwa wakimeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wasiotumiwa. Jaribio jingine nchini humo, lililotolewa mwaka 2011, lilikuta ujumbe wa kila wiki ukisaidia na wa kila siku usisaidie. Kuongezea maneno ya kutia moyo hakukuleta tofauti. Huenda ujumbe wa kila siku huzoeleka kama mwadhini wa mbali. Tena "Mambo?" ni swali, na swali la mtu atakayepiga simu usipojibu halifanani na kengele.

Kukatika kwa mazoea

Kwa kuwa ishara ndiyo inayofungua kifurushi, kuhama hukikata. Mfano mashuhuri ni wa askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam. Huko, takriban mmoja kati ya watano alijiona mraibu wa heroini. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia kuanzia mwaka 1971 akakuta kwamba katika mwaka wa kwanza nyumbani ni takriban asilimia 5 tu ya waliokuwa waraibu walirudia hali hiyo, jambo ambalo madaktari wengi wa wakati huo walikataa kuliamini. Yapo maelezo mengine, pamoja na bei na upatikanaji, lakini kambi, rafiki wa kuvuta naye na uchovu wa doria vilikuwa vimebaki ng'ambo. Kwa kiwango kidogo, mgomo wa treni za chini ya ardhi jijini London mnamo Februari 2014 uliwalazimisha abiria kutafuta njia nyingine kwa siku mbili. Ulipokwisha, takriban asilimia 5 hawakurudi kwenye njia ya zamani. Huenda walikuwa wamegundua kwamba njia waliyoizoea haikuwa bora.

Mkatiko mkubwa zaidi wa kila mwaka pwani ya Afrika Mashariki ni Ramadhani. Kwa siku 29 au 30 chai ya asubuhi haipo, sigara ya mchana haipo, na watu wanaolala mapema hula daku usiku wa manane. Wengi huapa kwamba safari hii sigara wameiacha moja kwa moja. Kisha Idi inapita, mgahawa wa pembeni ya ofisi unafungua madirisha, harufu ya maandazi inafika ghorofani saa nne, na mwenzao wa meza ya jirani anasimama, anasema "twende".