Dakika 224 kwenye diski mbili

Lagaan, filamu ya Ashutosh Gowariker iliyotoka Juni 2001, ina dakika 224. CD ya video, hata ukiijaza hadi ukingoni, inabeba dakika 80. Kwa hiyo kila aliyeiuza, kwa halali au kwa magendo, aliiuza ikiwa diski tatu, na kila mwenye duka la kukodisha alijua ni ipi itakayorudi na mikwaruzo au isirudi kabisa: ya tatu, yenye mechi ya kriketi. Mteja anachukua Ijumaa, Jumatatu analeta kasha lenye diski mbili na maneno mengi. Bosi wa duka nililokuwa nikifanya kazi Kariakoo alichoshwa na hayo. "Kijana," akaniambia, "hii kitu iwe mbili." Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haikutajwa katika mazungumzo yale, na sitajifanya kwamba mimi niliitaja.

Kanuni za CD ya video ziliwekwa mwaka 1993 na Philips, Sony, Matsushita na JVC. Kwa nchi zinazotumia mfumo wa televisheni wa PAL kama yetu, picha ni pikseli 352 kwa 288, fremu 25 kwa sekunde. Picha inapewa kilobiti 1,150 kila sekunde na sauti 224. Ubora wake unakaribia ule wa kanda ya VHS, bila kanda kuliwa na deki. Wamarekani hawakuijali hata kidogo. China, Hong Kong, Singapore, Malaysia na India waliipokea kwa mikono miwili, na kwa njia ya Dubai ikatufikia sisi. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilianza kurusha matangazo mwaka 1994 tu, hivyo nyumba nyingi ziliingia kwenye mambo ya video zikiwa bado changa. Deki za CD za Kichina ziliposhuka bei mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walihama kanda bila kuaga.

Sasa hesabu. CD ya dakika 80 ikiandikwa kwa mtindo wa video inabeba megabaiti zipatazo 836, si 700 zilizoandikwa juu yake, kwa sababu video haitengewi ile nafasi ya kurekebisha makosa ambayo data nyingine hutengewa. Gawa Lagaan nusu kwa nusu, dakika 112 kila diski. Ukipunguza sauti hadi kilobiti 128, picha inabakiwa na kilobiti 850 hivi kwa sekunde. Kutoka 1,150 hadi 850 ni robo nzima ya chakula imeondolewa mezani, na walaji ni wale wale.

Kinachotokea ndani ya kompyuta wakati wa kubana kilianza kama karatasi ya hisabati ya mwaka 1974, iliyoandikwa na Nasir Ahmed, Mhindi aliyekuwa akifundisha Kansas, pamoja na Natarajan na Rao. Picha inakatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Kila kipande kinageuzwa kuwa namba zinazoeleza mabadiliko ya mwanga, kuanzia yale mapana hadi yale madogo madogo. Kisha namba hizo zinagawanywa kwa jedwali. Jedwali la kawaida la MPEG, mbano unaotumiwa na CD ya video, linaanza na 8 kwa mabadiliko mapana na kuishia na 83 kwa yale madogo kabisa, na kwa mgawanyo huo vitu vidogo vingi vinakuwa sifuri na kupotea. Biti zikipungua, programu inazidisha ukali wa kugawanya, na hapo ndipo unapoona uso wa mwigizaji Aamir Khan umejengwa kwa vigae.

Programu haijui uso ni nini. Haijui kwamba chenga za kanda kuukuu hazina maana na kwamba nakshi za nguo za Gauri, msichana wa filamu hiyo, zina maana. Zote mbili kwake ni mabadiliko madogo madogo ya mwanga, na zote zinadai biti. Filta zilikuja kwa ajili hiyo. Unapepeta kwanza mwenyewe, kabla programu haijaanza kutupa ovyo.

Zana zote tulizipata bure. VirtualDub ya Avery Lee na AviSynth ya Ben Rudiak-Gould zilienea kuanzia mwaka 2000; TMPGEnc, ya Mjapani Hiroyuki Hori, ndiyo iliyokuwa ikibana. Kulikuwa pia na mpango ulioitwa KVCD, uliokuja na jedwali lake la kugawanyia na kurefusha umbali kati ya fremu kamili moja na nyingine, ukiahidi dakika 120 kwenye CD moja. Nilikuwa nikichapisha maelezo kwenye mkahawa wa intaneti, ukurasa kwa ukurasa, maana kukaa pale ukisoma kulikula pesa kuliko karatasi.

Ugumu wa Lagaan ni vumbi. Ilipigwa karibu na Bhuj, Kutch, nchi kavu ambayo mababu wa wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa Dar walitoka, na mechi ile ni muda mrefu wa watu wanaokimbia kwenye ardhi iliyopasuka huku kilima kizima kimejaa watazamaji. Vumbi linaloelea ni baya kwa MPEG kuliko mlipuko wa bomu. Mlipuko unakwisha baada ya sekunde mbili. Vumbi lipo kwenye kila fremu, na halikai mahali pale pale mara mbili, hivyo programu haiwezi kunakili kipande kutoka fremu iliyopita.

Nilichagua kipande cha mechi chenye mrusha mpira, kilima na mbingu, nikawa nakibana kwa mpangilio mmoja baada ya mwingine. Filta ya kwanza ni ya kupunguza ukubwa, kutoka pikseli 720 kwa 576 za DVD. Lanczos inatoa kingo kali, unaona hadi nyuzi za kilemba, na inakula biti kama haina mwenyewe. Bilinear inalainisha. Mafundi wa nje waliisifu Lanczos kwa sababu waliangalia kazi zao kwenye kioo cha kompyuta. Sisi tuliangalia kwenye televisheni ya chogo ya inchi 21, mara nyingi ikiwa imeunganishwa kupitia tundu la antena kwa sababu matundu mengine yalishakufa. Huko, tofauti ya Lanczos na Bilinear huioni. Unachokiona ni vigae. Nikaenda na Bilinear, na hadi leo naona nilikuwa sawa.

Filta ya muda ndiyo iliyoleta ubishi. Inalinganisha kila pikseli na ya fremu iliyotangulia na inayofuata. Tofauti ikiwa ndogo, inahesabu kuwa ni chenga na kuchukua wastani. Ikiwa kubwa, inahesabu kuwa kitu kimesogea na kukiacha. Namba unayoiweka ndiyo mpaka kati ya hayo mawili. Ukiweka 2, mbingu inatulia na kilima kinabaki na uhai. Ukiweka 4, vumbi linaanza kushikana. Ukienda 6, diski inapumua vizuri sana, faili linakuwa dogo la kupendeza, ila mpira wa kriketi unaburuza mkia na wanakijiji walioko mbali, ambao kujitikisa kwao ni kudogo, wanaganda. Mama mmoja wa Upanga aliyeona nakala ya namna hiyo aliniuliza, "Fundi, hawa wa nyuma mbona wamekuwa picha ya ukutani?" Wa mbele wote walikuwa hai. Hakujua chochote kuhusu filta, lakini alitaja kosa lake sawasawa.

Kuna filta nyingine iliyochanganya kazi zote mbili, Convolution3D, iliyotazama jirani wa pembeni na jirani wa wakati kwa pamoja. Kwa filamu safi ya DVD ilikuwa nzuri kuliko zote. Ilikuwa pia nzito. Kwenye Pentium III yetu kazi ya diski moja ilianza jioni na asubuhi unaikuta bado inatembea, na umeme ukikatika alfajiri unaanza upya.

Akiba kubwa kuliko zote, hata hivyo, haikutoka kwenye filta. Ilitoka kwenye weusi. Fremu ya 352 kwa 288 ina vipande 396 vya pikseli 16 kwa 16. Televisheni ya chogo inaficha kingo za picha nyuma ya fremu yake ya plastiki. Ukiipunguza picha iwe 320 kwa 256 na kuizungushia weusi wa pikseli 16, vipande 76 vinakuwa vitupu; ni karibu moja ya tano ya picha nzima, na mtazamaji haoni kilichopungua. Lagaan ni pana kama filamu nyingi za sinema, kwa hiyo juu na chini tayari kuna weusi. Bila kuipunguza, mistari yenye picha ni kama 163 kati ya 288. Ukiikaza iwe 160, inakaa kwenye safu kumi kamili za vipande, na ukingo wa weusi unaangukia kwenye mpaka wa kipande badala ya katikati yake. Ukiangukia katikati, ule mstari mkali wa nyeusi na nyeupe unapigiwa hesabu tena na tena katika kila fremu, na pembeni yake panajaa chenga.

Wateja hawakuupenda weusi. "Picha imekatwa," walilalamika, wakati aliyekata ni yule anayejaza kioo kizima kwa kuwatupa wachezaji wa pembeni. Bosi aliwahi kunishauri niijaze. Nilimwonyesha mdaka mpira aliyekatwa nusu, akanyamaza.

Saizi ya mwisho tuliijua kwa sampuli. Unachukua sekunde moja kutoka kila dakika ya filamu, unabana hizo tu, unazidisha kwa 60. Kwa dakika 112, sampuli ya picha ikitoka megabaiti 12 hivi, diski itatosha. Ikitoka 14, rudi kwenye filta au punguza ubora. Na hakuna aliyesema lazima nusu iwe nusu. Mechi iko upande wa pili, kwa hiyo niliupa upande wa kwanza, wenye nyimbo na mazungumzo, dakika zaidi, nikakata pale wimbo ulipokwisha.

Kazi ya halali ilikuwa harusi, na ilikuwa na sheria zake. Kanda ya E-180 inachukua saa tatu, na familia inataka kila dakika, pamoja na foleni ya zawadi. Hapo filta ya muda niliipandisha bila huruma. Chenga za VHS ziko kila mahali, rangi nyekundu inavuja nje ya nguo, na chini kabisa kuna mistari inayopindapinda kutoka kwenye kichwa cha deki, ambayo unaifunika kwa weusi tu. Watu kwenye foleni ya zawadi hawakimbii, mkia unatoka wapi? Kanda za Lufufu, aliyetafsiri filamu za nje kwa Kiswahili na kuzungumza juu yake, zilihitaji mambo mengine kabisa: picha ibanwe unavyotaka, sauti isiguswe. Watu kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, walilipa kumsikia yeye.

Halafu DVD ikawafikia wateja, na kwa muda mfupi nafasi ikawa ya bure. Gigabaiti 4.7 kwa ubora wa CD ya video ni saa saba na nusu. Wafanyabiashara waliiona nafasi hiyo, wakaanza kuingiza diski zenye filamu ishirini, sura za waigizaji zimebanana kwenye kava. Piga hesabu: filamu ishirini za dakika 90 ni saa 30, na saa 30 kwenye 4.7 ni kilobiti 350 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Sioni filta ambayo ingeokoa picha hiyo. Zilinunuliwa kama njugu. Filamu za Bongo zenyewe zilishika njia nyingine, hadithi moja ikagawanywa Part 1 na Part 2 ingawa ingeenea diski moja ya DVD, na hapo hakuna fundi wa kulaumiwa. Ni bei mbili badala ya moja. Stempu za kodi zilipoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, wengi wa wateja wangu walikuwa tayari wanakuja na flash.

H.264, iliyokamilika mwaka 2003, iliiweka filta ya kulainisha vigae ndani ya mbano wenyewe, deki inachuja inapocheza. AV1 ya mwaka 2018 imekwenda mbali zaidi: ina utaratibu wa kuondoa chembechembe za filamu kabla ya kubana, kuandika namba chache zinazoeleza zilivyokuwa, kisha kifaa cha mtazamaji kinatengeneza chembechembe nyingine zinazofanana nazo. Kijana anayejaza flash kwenye duka la jirani hana haja ya kujua lolote kati ya haya, na Lagaan anaiweka yote kwenye faili moja.

Kanda za harusi bado zinaletwa, nyingi sasa na watoto wa maharusi. Filta ya muda naiweka 2, sivuki hapo, kwa sababu televisheni zao ni za inchi 50 na zinaonyesha kila kitu. Mistari ya chini bado naifunika kwa weusi.