Udhibiti wa biashara ya mimea vamizi (Tanzania)

Ni usimamizi wa Serikali juu ya kuingiza, kuotesha na kuuza mimea ya kigeni inayosonga ile ya asili. Sheria kuu ni ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), yenye makao yake Arusha. Anayeleta miche kutoka nje huhitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na mzigo hukaguliwa mpakani, bandarini au kwenye uwanja wa ndege.

Ukaguzi wa mpakani haukamati kilichokwisha kuingia. Gugu maji lilienezwa duniani kama pambo la bwawa, kwa uzuri wa maua yake ya zambarau. Nchini lilionekana katika Mto Pangani wa Tanga tangu miaka ya 1950, kisha likavamia Ziwa Victoria. Lantana, kichaka cha kigeni, nayo ilipandwa kwa maua na kama uzio wa nyumba. Vijitunda vyake vyeusi huliwa na ndege, nao hudondosha mbegu mbali na bustani.

Kwa hiyo kitalu cha miche ndipo penye uzito. Mfano ni Kata ya Pangani, Kibaha (si ule mto wa Tanga), iliyo katika mkoa mmoja na Kisarawe yenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya msitu wa pwani wenye viumbe wasiopatikana kwingine. Mche wa pambo unaouzwa katika kata hiyo unastahili kuulizwa asili yake kabla haujafungwa kwenye pikipiki.