Tuzo Ilimkuta Mjane: Nani Alilipia Hesabu za Mwezi?

Mwaka 1765 Bunge la Uingereza liliidhinisha paundi 3,000 zilipwe kwa ajili ya majedwali ya mwendo wa Mwezi. Aliyeyatunga majedwali hayo, Mjerumani Tobias Mayer, hakuzishika hata senti. Alikuwa amefariki miaka 3 nyuma, Februari 1762, akiwa na umri wa miaka 39. Zikaenda kwa mjane wake, Maria, kule Göttingen.

Sasa jiulize: Bunge la Uingereza lilikuwa na shida gani na Mwezi hadi limlipe mjane wa nchi nyingine? Jibu liko baharini.

Saa iliyotundikwa angani

Ukiwa katikati ya bahari unahitaji namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani uko mbali kiasi gani kaskazini au kusini. Hiyo si ngumu sana. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliipata kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, wakipima kimo cha nyota ya kaskazini. Ya pili ni longitudo, mashariki au magharibi, na hapo ndipo kazi ilipo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo longitudo kimsingi ni tofauti ya saa kati ya ulipo na bandari ya nyumbani. Tatizo ni kwamba saa za wakati ule hazikuhimili mawimbi, joto na unyevu.

Mwaka 1707 meli 4 za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly na mabaharia zaidi ya elfu moja wakazama. Miaka 7 baadaye Bunge likatangaza tuzo: hadi paundi 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini kwa kosa lisilozidi nusu nyuzi.

Mwezi ulionekana kuwa jibu. Ukiutazama usiku, unasogea kati ya nyota kwa karibu nusu nyuzi kila saa, yaani karibu sawa na upana wake wenyewe. Ni kama mshale wa saa, na nyota ndizo namba. Pima umbali kati ya Mwezi na nyota fulani, fungua jedwali linaloeleza umbali huo unatokea Greenwich saa ngapi, na umeshapata saa ya nyumbani.

Lakini jedwali lenyewe lazima liwe sahihi mno. Ukikosea mahali pa Mwezi kwa sehemu moja tu ya sitini ya nyuzi, umekosea saa kwa dakika 2 hivi, na longitudo kwa karibu nusu nyuzi. Pale Ikweta hizo ni kilomita zaidi ya 50. Isitoshe, Mwezi huvutwa na Dunia na Jua kwa pamoja, kwa hiyo mwendo wake haunyooki. Hata Newton ulimsumbua.

Kijana aliyejifundisha

Mayer alizaliwa 1723 akakulia Esslingen. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, mama naye akamfuata kabla kijana hajakomaa. Hisabati alijifundisha mwenyewe, na akiwa na miaka 18 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu. Akapata kazi kwenye kiwanda cha ramani cha Homann mjini Nuremberg, na hapo ndipo alipoanza kuutazama Mwezi kwa makini, kwa sababu ramani nzuri zilihitaji longitudo za miji. Mwaka 1751 Chuo Kikuu cha Göttingen kikamwita kuwa profesa.

Alichofanya ni kuchukua milinganyo ya Leonhard Euler kisha kuirekebisha kwa vipimo halisi vya angani. Nadharia pekee haikutosha, na vipimo pekee havikutosha; yeye akaviunganisha. Euler ndiye aliyemhimiza aombe tuzo ya Waingereza. Majedwali yakafika London mwaka 1755. James Bradley, mkuu wa kituo cha Greenwich, akayalinganisha na vipimo vyake mwenyewe na kukuta tofauti ndogo sana, kama sehemu moja na robo ya sitini ya nyuzi.

Hapo ungetegemea alipwe. Wapi! Vita vya Miaka Saba vikaanza, majaribio ya baharini yakasuasua, na Mayer akaugua na kufa. Maria akayatuma London majedwali ambayo mumewe aliendelea kuyaboresha hadi mwisho. Hayo ndiyo yaliyolipiwa paundi 3,000. Euler naye akapata 300. Mwaka huohuo fundi saa John Harrison, aliyekuwa ameshughulika na tatizo hilo kwa miongo kadhaa, naye akaanza kulipwa sehemu kubwa ya tuzo kwa saa yake maarufu.

Nauli ndiyo iliyofanya kazi

Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama mashindano ya saa na Mwezi: nani alishinda, nani alidhulumiwa. Mimi naona kuna fedha nyingine zisizotajwa sana, nazo ni ndogo: nauli na malipo ya kazi.

Mwaka 1761 Royal Society ya London, kwa msaada wa fedha za serikali, ilimlipia kijana Nevil Maskelyne safari ya kisiwa cha St Helena akaangalie sayari ya Zuhura ikipita mbele ya Jua. Siku yenyewe mawingu yakafunga. Ukiihesabu safari kwa lengo lake, ilishindikana. Ila njiani, kwenda na kurudi, Maskelyne alikuwa akipima Mwezi na kutumia majedwali ya Mayer, akathibitisha kwamba njia inafanya kazi melini. Mwaka 1763 akaandika kitabu cha kuwafundisha mabaharia. Mwaka huohuo Bodi ya Longitudo ikamtuma Barbados pamoja na Charles Green, kujaribu saa ya Harrison na majedwali ya Mayer kwa pamoja.

Bado kulikuwa na kikwazo. Hesabu moja ingeweza kumchukua baharia saa 4 hivi. Nani ana saa 4 wakati miamba iko mbele? Maskelyne, ambaye sasa ndiye mkuu wa Greenwich, akaamua sehemu ngumu ya hesabu ifanywe nchi kavu, mapema, na ichapishwe. Ndipo ikatoka almanaki ya mabaharia ya mwaka 1767, yenye umbali wa Mwezi na nyota kwa kila saa 3 za kila siku ambayo unaweza kupimwa. Kazi ya melini ikashuka hadi kama nusu saa. Nakala ya kwanza ya saa ya Harrison iligharimu paundi 450. Almanaki ilikuwa kitabu tu.

Waliokaa nyumbani na kalamu

Almanaki hiyo ilitengenezwa na watu waliolipwa kupiga hesabu majumbani mwao, karatasi zikisafiri kwa posta. Watu wawili walipiga hesabu zilezile kila mmoja peke yake, wa tatu akalinganisha. Kuna wawili waliowahi kukamatwa wakinakiliana, wakafukuzwa. Kumbe mambo hayo hayakuanza vyuoni kwetu!

Mmoja wa wapiga hesabu hao alikuwa Mary Edwards wa mji wa Ludlow. Kwa miaka mingi malipo yalikuja kwa jina la mumewe, John. John alipofariki mwaka 1784, ikabainika kwamba sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya Mary, naye akaendelea kwa jina lake mwenyewe. Baadaye binti yake Eliza akairithi kazi hiyo hadi 1832, ilipohamishiwa ofisi ya serikali London ambayo haikuajiri wanawake. Basi, ikaishia hapo.

Tangu Januari 1970, wanasayansi waliochunguza mawe ya Apollo 11 walipokutana Houston, mkutano wa sayansi ya Mwezi umekuwa ukifanyika huko Texas karibu kila mwaka. Leo kuna tuzo zinazosaidia wanafunzi kusafiri kwenda kuwasilisha kazi zao. Ukilinganisha na bajeti ya chombo cha anga, ni hela ya chai. Lakini Mayer, aliyeahidiwa utajiri, alikufa akisubiri, na Maskelyne, aliyepewa nauli ya kwenda kutazama mawingu, alirudi na njia iliyowaongoza mabaharia kwa vizazi kadhaa. Kwa hiyo wanaopanga bajeti wakiuliza safari ya mwanafunzi itazaa nini, na jibu la uhakika halipo, historia ya longitudo inatosha kuwekwa mezani.