Nyumba ya Habasha Katika Mji wa Portland



Ndugu zangu Waislamu, ikitajwa historia ya Wamarekani Weusi, fikra zetu hukimbilia kwa Malcolm X na Muhammad Ali, au miji mikubwa kama Chicago na New York. Leo tuutazame mji mdogo: Portland, katika jimbo la Maine. Ni mji wa bandari wenye watu takriban 68,000, na walio wengi ni Wazungu.

Mwaka 1826 wanaume sita weusi wa Portland waliandika barua katika gazeti la Eastern Argus, wakilalamikia ubaguzi waliofanyiwa makanisani. Hawakuishia kwenye kulalamika. Mmoja wao, Reuben Ruby, aliyekuwa na gari la farasi la kukodi, aliwauzia wenzake kiwanja. Mwaka 1828 wakaanza kujenga nyumba yao ya ibada, wakaiita Abyssinian, yaani ya Habasha.

Jina hilo si geni kwetu. Habasha ndiko Mtume wetu (S.A.W.) alikowaelekeza Masahaba walioteswa Makka, wakapata hifadhi kwa mfalme Najashi. Wale wa Portland walikuwa Wakristo, na kwao lilikuwa jina la heshima ya Afrika. Lakini nyumba yao nayo ikawa hifadhi. Humo walisali, watoto wao walisoma hadi mwaka 1856, mikutano ya kupinga utumwa ilifanyika, na waliotoroka utumwa walisaidiwa.

Tarehe 4 Julai 1866 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji. William Ruby, mtoto wa Reuben, alikuwa mzimamoto. Inasimuliwa kwamba alitandaza mablanketi yaliyolowa maji juu ya paa, na nyumba ikasalimika.

Msiba uliowavunja ulitoka baharini. Novemba 1898 meli iitwayo Portland, iliyokuwa ikitoka Boston, ilizama katika dhoruba. Walikufa karibu watu 200, hakuna aliyeokoka. Miongoni mwao walikuwamo wanaume wengi wa jamii ile waliofanya kazi melini. Jamii ndogo ikipoteza watafutaji wake kwa usiku mmoja, hujiinua kwa shida. Mwaka 1917 kanisa lilifungwa, na baadaye jengo likageuzwa vyumba vya kupangisha. Mwaka 1991 halmashauri ya mji ililichukua kwa sababu ya kodi isiyolipwa.

Wenye uchungu na historia yao hawakukata tamaa. Waliunda kamati, wakalinunua jengo mwaka 1998, na mwaka 2006 likaingizwa katika orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria.

Leo Portland wamo Wasomali na Wakongo waliokimbia vita, na baadhi yao wanazungumza Kiswahili. Mwaka 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, walilazwa katika ukumbi wa michezo wa mji. Si wa kwanza kutafuta pa kujihifadhi hapo.

Wazazi na wanafunzi, tuzingatie. Watu wachache wasio na mali walijenga kwa sababu walishikamana, na jengo likakaribia kupotea pale waliolijua walipopungua. Je, watoto wetu wanajua nani alitoa kiwanja cha msikiti wetu, na madrasa yetu ilianzishwa na nani? Tuwaulize wazee wetu wakiwa hai, na tuyaandike, Insha Allah.