Kabla sijakuletea hiyo krimu

Wiki jana dadangu mdogo alinitumia meseji: "Brathe, ukivuka niletee ile krimu ya kung'arisha." Sisi ni watu wa Busia, kuvuka ni dakika chache tu. Hata neno bodaboda, wengi husema lilizaliwa huku mpakani, kwetu na Malaba, enzi za vijana wa baiskeli. Mayai huvuka, mahindi huvuka, na krimu pia huvuka.

Sikumletea. Nimemwandikia hii historia, na nyinyi wasee someni.

Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliripoti jambo la ajabu katika kiwanda kimoja cha ngozi za wanyama. Wafanyakazi, wengi wao Weusi, walipata mabaka meupe mikononi. Shida ilikuwa glavu zao za raba. Ndani yake kulikuwa na kemikali ya jamii ya haidrokwinoni, iliyowekwa ili raba isizeeke haraka. Ajali ya kazini! Lakini kufikia miaka ya 1960, haidrokwinoni ilikuwa inauzwa kwenye krimu Afrika Kusini. Huko walikuja kuipiga marufuku mwaka 1990. Kwetu Kenya, KEBS ilikataza vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki mwaka 1998. Tena zebaki huharibu figo.

Sasa, inafanyaje kazi? Ndani ya ngozi kuna kimeng'enya kinaitwa tairosinesi. Hicho ndicho huanzisha utengenezaji wa melanini, rangi yako, inayokukinga na jua. Haidrokwinoni hukizuia kufanya kazi.

Mimi niliacha chuo, lakini kuna kitu cha maabara hakijawahi kunitoka kichwani. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba jeni ya mnyama wa baharini, mlaini kama jeli, inaweza kuwaka kijani ndani ya viumbe wengine. Kazi hiyo ilichangia Nobel ya Kemia ya 2008. Leo wanasayansi huiunganisha na jeni ya tairosinesi kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA cha mviringo, kisha wanaiingiza kwenye seli za mamalia. Kimeng'enya kinawaka, wanakifuata kwa darubini kikisafiri ndani ya seli. Utafiti wa aina hii umeonyesha kwamba katika aina fulani za ualbino, hukwama palepale kilipotengenezwa, hakifiki mahali pa kutengeneza rangi.

Yaani kuna watu wanakiwekea taa ili waelewe kwa nini hakifiki. Jirani yetu mwenye ualbino hatoki nje bila kofia na mafuta ya kuzuia jua. Chako kinafika kila siku, bure, halafu unataka kulipa pesa kizimwe?

Dada, kesho navuka tena. Nikuletee nini kingine?