Sola haikuanza na simu

Juzi kijana tunayefanya naye kazi aliniambia kwamba sola za mashambani Kenya zilianza 2012, M-KOPA ilipoanza kuziuza kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa. Nikacheka. Mimi nilisomea mtihani wa darasa la nane kwa taa ya sola, kabla sijashika simu yoyote ya mkononi.

Turudi 1984, Meru. Shule ya harambee ya Karamugi haikuwa na stima na ilikuwa ikifikiria kununua jenereta. Mark Hankins, Mmarekani aliyekuwa akifundisha pale kwa kujitolea, akaishawishi ijaribu sola. Mwenzake Harold Burris, mhandisi aliyekuwa ameanza biashara ya sola hapa Kenya, akafunga mitambo na madarasa yakawaka. Kubwa kwangu ni kwamba waliwafunza pia mafundi wa papo hapo. Walimu wakataka taa zile nyumbani kwao, na wakulima wa kahawa hawakukaa nyuma.

Tena wateja walikuwa tayari. Watu walikuwa na runinga ndogo za betri ya gari, na betri ikiisha ilibebwa hadi sokoni kuchajiwa. (Ibebe kwa baiskeli siku ya mvua ndipo utaelewa.) Miaka ya tisini paneli za wati 12 hivi zikajaa madukani, na kufikia 2000 nyumba zaidi ya 100,000 zilikuwa na sola, nyingi kwa pesa taslimu bila ruzuku.

Baba alinunua kidogo kidogo: paneli, kisha betri, kisha taa. Kile kidude cha kuilinda betri isikauke kabisa aliona ni gharama ya bure. Nimepiga hesabu siku hizi. Wati 12 kwa saa 5 za jua ni wati-saa 60. Runinga ya wati 15 kwa saa 3 ni 45, taa ya wati 8 kwa saa 3 ni 24. Jumla 69! Kila usiku tuliikopa betri, na hatukulipa. Ikafa kabla ya mwaka kwisha, fundi akalaumiwa.

Kisanduku cha kisasa hukata chenyewe betri ikishuka. Ile yetu bado iko nyuma ya jiko. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakipita, baba huwaambia inahitaji maji tu.